Fuata Kijito, Uijue Hifadhi

Mtu akitajiwa hifadhi ya taifa, picha inayomjia kichwani ni gari lililofunguliwa paa, simba aliyejilaza chini ya mgunga, na wageni walioshika darubini. Picha hiyo ni ya kweli, lakini imetugharimu. Wengi tumeamini kwamba hifadhi ni mahali pa kuangalia wanyama wakubwa, kwamba bila gari hakuna safari, na kwamba aliyerudi bila kumwona simba amepoteza nauli yake bure. Makala haya yanatetea jambo tofauti: kwa mwananchi wa kawaida, mahali pazuri pa kuanzia kuijua hifadhi ni njia fupi ya miguu kando ya kijito, ya saa moja au mbili, ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuipita akiwa amemshika bibi yake mkono. Unafuu wake ni faida, ila sababu kubwa ni nyingine. Kando ya kijito ndipo inapoonekana waziwazi hifadhi inafanya kazi gani, na inamfanyia nani.

Mfano mzuri uko Tanzania, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na imekaa katika mikoa ya Morogoro na Iringa. Humo hamna barabara za kuzungushia watalii; anayeingia anaingia kwa miguu yake, akiwa na mwongozaji. Msitu unaanza chini kabisa, mita kama 250 juu ya usawa wa bahari, pale mashamba ya miwa na mpunga ya bonde la Kilombero yanapoishia, kisha unapanda mlima hadi penye baridi na ukungu. Kilele cha Luhombero kina mita 2,576. Wenye pumzi wana njia za siku kadhaa za kulala porini. Mwenye siku moja hupanda hadi maporomoko ya Sanje, ambako maji huanguka takriban mita 170. Lakini karibu na makao makuu ya hifadhi, pale Mang'ula, ipo njia nyingine fupi kabisa inayoishia kwenye maporomoko madogo yaliyopewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi, aliyeizindua hifadhi hiyo. Wageni wengi huichukulia kuwa ya kunyoosha miguu kabla ya safari yenyewe. Mimi naiona kuwa ndiyo ya kutangulizwa, na kupewa muda wa kutosha.

Ukiingia kwenye njia za namna hiyo, joto la barabarani unaliacha nyuma baada ya hatua chache. Matawi yamefungamana juu, jua linafika chini vipande vipande, na mawe ya kandokando yamevikwa kuvumwani na kangaga. Hapo kosa la wengi ni kukazana wafike kwenye maporomoko, wapige picha, wageuze. Kijito chenyewe ndicho cha kutazamwa. Mwombe mwongozaji achukue jiwe la ukubwa wa kiganja, mahali maji yanapokwenda kasi kidogo, aligeuze taratibu. Upande wa chini utamkuta buu bapa amejibana, ana mikia mitatu myembamba, na ubavuni mwake kuna vijani vidogo vinavyopepea bila kupumzika. Hivyo ndivyo anavyopumulia. Pembeni yake kuna kijumba cha urefu wa punje ya mpunga, kimejengwa kwa chembe za mchanga zilizogandishwa kwa uzi mwembamba mfano wa buibui. Mwenye nyumba naye ni buu. Anatoa kichwa, anaona mwanga, anarudi ndani. Wote wawili wakikomaa watatoka majini wakiwa na mabawa. Kisha jiwe lirudishwe pale pale, upande ule ule, maana kwa wakazi wake hilo jiwe ndiyo dari.

Viumbe hao ni ushahidi. Wengi wao hawastahimili matope mengi, maji ya vyooni wala dawa za mashambani, kwa hiyo aina zao zinapopungua ni dalili kwamba kuna kilichoharibika huko juu. Wataalamu wa mito, wakiwemo wa Tanzania, huzihesabu aina hizo na kuupa mto alama za afya, na Afrika Kusini wamerahisisha kipimo hicho hadi wanafunzi wa shule wanakitumia wenyewe. Haina maana kwamba maji yenye mabuu mengi yanywewe bila kuchemshwa. Afya ya mto na usalama wa kikombe ni vitu viwili. Ila ukishaliona jiwe la msituni, teremka hadi kwenye mfereji unaopokea maji machafu ya makazi, ugeuze jiwe jingine. Mara nyingi utakuta utelezi, vijidudu vyekundu vyembamba mfano wa minyoo, na mabuu ya mbu. Tofauti ya mawe hayo mawili inamfundisha mtoto kuhusu mazingira mambo ambayo bango la kampeni halimfundishi, kwa sababu ameyaona kwa macho yake.

Kuna swali jingine ambalo kijito humlazimisha mtu kujiuliza, hasa mwezi wa Septemba. Mvua kubwa zimekatika tangu Mei, mashamba ya bondeni yamekauka, mbona hapa maji bado yanatiririka, tena meupe? Jibu liko chini ya viatu. Udongo wa msituni umefunikwa na majani yaliyooza, umetobolewa na mizizi, mchwa na minyoo, kwa hiyo mvua ikinyesha haiteremki yote kwa kishindo. Nyingi inazama, inatembea polepole ndani ya ardhi, na kutokeza miezi mingi baadaye kwenye chemchemi. Yupo atakayepinga kwamba miti nayo inakunywa maji, na kwamba mlima wenye msitu unaweza kutoa maji machache kwa mwaka kuliko mlima wenye nyasi. Ni kweli, vipimo vya sehemu nyingi duniani vimeonyesha hivyo. Lakini mkulima wa mpunga haishi kwa jumla ya mwaka. Anaishi kwa maji ya mwezi anaoyahitaji, yasiyokuja na nusu ya udongo wa mlima kwenye mfereji wake. Juu zaidi, kwenye ukungu wa kila siku, majani ya miti hunasa hata umande wa mawingu na kuudondosha chini, na hayo ni maji ambayo mlima ulio wazi usingeyapata.

Maji hayo hayaishii Mang'ula. Vijito vya upande wa mashariki na kusini wa Udzungwa huingia mto Kilombero, ambao ndio unaochangia sehemu kubwa ya maji ya Rufiji, na Rufiji ndiyo inayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Upande wa kaskazini, Ruaha Mkuu unapita kwenye bwawa la Kidatu, megawati 204, mwendo mfupi kutoka Mang'ula. Anayewasha taa Mwanza au Tanga ana deni kwa milima hii, alijue asilijue. Tuna ushahidi wa karibuni wa gharama ya kutokujua. Oktoba 2022 Dar es Salaam iliingia kwenye mgawo wa maji kwa sababu mto Ruvu ulikuwa umepungua sana, na maji ya Ruvu hutoka kwa wingi kwenye milima ya Uluguru. Mjini watu waliuliza mabomba yana nini. Waliouliza milima ina nini walikuwa wachache. Sishangai. Mtu atauulizaje mlima ambao hajawahi kuukanyaga?

Kwenye safu hii hii ya Udzungwa, nje ya mipaka ya hifadhi, kuna bonde la Kihansi ambalo kila anayetembea kando ya kijito angefaa kulijua. Mwaka 1996 watafiti walikuta hapo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefika sentimita tatu, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Dunia nzima hakuwepo popote isipokuwa hapo, kwenye kipande kidogo cha nyasi kilicholowa usiku na mchana kwa manyunyu ya maporomoko. Mto ulipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180, manyunyu yakakatika. Wataalamu wakawahi kupeleka vyura wapatao 500 Marekani kufugwa kwenye bustani za wanyama, na serikali ikaweka mabomba ya kunyunyizia maji bondeni, lakini ugonjwa wa ukungu wa vyura nao ukaingia. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kuanzia 2012 vizazi vya wale waliofugwa vilianza kurudishwa nyumbani. Sikitaji kisa hiki ili kulaumu umeme. Nchi inauhitaji, na makala haya yanasomwa kwa umeme. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha uhai unavyoweza kutegemea jambo ambalo mpita njia hulihesabu kuwa pambo tu: manyunyu yanayomlowesha shati anapopiga picha.

Sasa pingamizi. La kwanza husikika zaidi kwa wenzetu wa mjini: huko kwenye vijito kuna nini cha kuona? Hakuna simba, hakuna twiga. Kwa Udzungwa jibu liko juu ya kichwa. Mbega wekundu wa Udzungwa, ambao hawapatikani nje ya milima hii na viunga vyake, huruka kutoka mti hadi mti, kishungi chao chekundu kikionekana wazi. Yupo pia mangabei wa Sanje, tumbili mkubwa wa kijivu ambaye wanasayansi hawakuwa na habari zake mpaka 1979, ingawa wanavijiji wa Sanje walikuwa wakimfahamu siku zote. Tena yapo mambo madogo yaliyokwenda mbali kuliko simba. Lile ua la rangi ya urujuani linalouzwa kwenye vyungu madirishani kote Ulaya, ambalo Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la Usambara, asili yake ni kwenye mawe yenye kivuli na unyevu ya milima ya Tanzania na Kenya; ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao mwaka 1892. Biashara kubwa ya maua ilichipuka kutoka kwenye mwamba wa kando ya maji, nasi tunapita tukitafuta twiga.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na nimelisikia likisemwa bila haya na watu wenye haki ya kulisema: kutembea kwa miguu ni shida yetu ya kila siku, nani alipie shida? Mama aliyebeba ndoo kilomita tatu haoni starehe gani iliyomo. Namwelewa. Lakini wenzetu wengi sasa wako mijini na kwenye miji midogo inayokua, wanakaa kwenye viti, madukani, kwenye bodaboda, na watoto wao wanakulia kwenye ua wa saruji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watu karibu 20,000 huko Uingereza, ulikuta kwamba waliopitisha angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili walielekea zaidi kusema kwamba afya yao ni nzuri na maisha yao yanaridhisha, na haikujalisha kama dakika hizo zilikuwa za mkupuo mmoja au za vipande. Huenda wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Utafiti wa namna hiyo haumalizi ubishi. Unatosha hata hivyo kuonyesha kwamba si lazima mtu apande Kilimanjaro ndipo afaidike. Tofauti ya mama mwenye ndoo na mtembezi ni mzigo, na mtoto wa yule mama ana haki ya kuyajua maji siku moja bila ndoo kichwani.

Hatari nayo ipo, na anayeificha hakutakii mema. Udzungwa kuna tembo, nyati na nyoka, ndiyo maana haiingiwi bila mwongozaji. Mawe yenye utelezi huvunja mifupa mingi kuliko mnyama yeyote, kwa hiyo viatu vya soli yenye meno ni muhimu kuliko kamera. Suruali iingizwe kwenye soksi, kwa ajili ya siafu. Kichocho hukaa zaidi kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono kuliko kwenye kijito chenye kasi na kivuli, ila ni busara kutoogelea bila kumuuliza mwenyeji. Na liko jambo moja ambalo kila mzazi amfundishe mwanawe: mvua inaweza kuwa inanyesha mlimani huku juu yako jua likiwaka. Maji yakibadilika rangi ghafla, yakaanza kuleta majani na vijiti, usingoje kuona zaidi. Ondoka mtoni, upande ukingo ulio karibu. Ukiyazingatia hayo, saa moja kando ya kijito haina hatari ya kulinganishwa na safari ya basi iliyokufikisha getini.

Wahifadhi wengine wanaogopa kinyume chake, kwamba watu wakiwa wengi watauharibu msitu wenyewe: njia zitatanuka, kingo zitamomonyoka, chupa za plastiki zitajaa. Hofu yao ina msingi, na njia moja fupi iliyojengwa vizuri, yenye ngazi za mawe na madaraja madogo, ndiyo dawa yake, kwa sababu inakusanya miguu yote mahali pamoja na kuacha kwingine kukiwa kumetulia. Ila kuna ushahidi mzito zaidi kuliko hoja hiyo. Msitu wa Karura ulioko Nairobi, wenye hekta zaidi ya 1,000, mto na maporomoko yake, ulinyemelewa na wanyakuzi wa ardhi miaka ya 1990, hadi mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake wakapigwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miti. Miaka iliyofuata msitu ulibaki, lakini ulikuwa mahali pa kuogopwa, pa vibaka na wakata miti. Tangu mwaka 2009, Huduma ya Misitu ya Kenya na chama cha marafiki wa msitu huo walipoweka uzio, njia za miguu, kiingilio kidogo na walinzi ambao baadhi yao ni vijana wa mitaa jirani, familia zimeingia kwa maelfu na wahalifu wamekosa pa kujificha. Miguu mingi iliulinda kuliko upweke. Mbali zaidi, Australia, wakati wa Pasaka mwaka 1931 kikundi cha watembea porini kilimkuta mtu kando ya mto Grose, magharibi mwa Sydney, akijiandaa kukata msitu wa mikaratusi mirefu ili apande miti ya jozi. Walichangishana pauni 130, wakanunua haki yake ya kukodi eneo hilo, na mwaka uliofuata msitu ukatengwa. Leo umo ndani ya hifadhi ya taifa. Kwetu mkaratusi ni nguzo na kuni. Kwao ulikuwa msitu walioujua kwa miguu, na ndiyo maana walikubali kuutolea fedha zao.

Pingamizi linaloniuma zaidi ni la wanaoishi ukutani mwa hifadhi. Hadi mwaka 2011 wanavijiji wa jirani na Udzungwa waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Baada ya hapo mlango ukafungwa. Tembo wakishuka usiku, shamba la mtu linaliwa. Mwanakijiji akiambiwa kwamba mgeni kutoka mjini anaruhusiwa kutembea pale ambapo yeye akionekana na kigogo atakamatwa, maneno matamu kuhusu kijito hayamwingii, na wala hayapaswi kumwingia hivi hivi. Njia fupi haimpi kuni wala haimfukuzii tembo. Inachoweza kumpa ni nafasi halali ndani ya msitu: kijana wake awe mwongozaji anayelipwa, mama wa kijiji auze chakula getini, na watoto wa shule za Mang'ula na Sanje waingie bila malipo angalau mara moja kila muhula, waonyeshwe chanzo cha maji wanayochota. Mabango ya maelezo yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, yaeleze maji yanatoka wapi na yanakwenda kwa nani. Hifadhi inayotaka majirani wawe walinzi wake haiwezi kuwaonyesha uzio peke yake.

Litabaki suala la fedha na umbali. Ni kweli kwamba mwananchi hulipa sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni wa nje, na mhasibu wa hifadhi atasema hilo halijazi hazina. Janga la korona lilipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, hifadhi zetu zilionja kuwa na wateja wa upande mmoja tu. Mtembezi wa ndani analeta kidogo, lakini hahitaji ndege. Kwa Udzungwa hahitaji hata gari la kukodi: mabasi yanayokwenda Ifakara kupitia Mikumi hupita Mang'ula, na reli ya TAZARA inapita bonde hilo hilo. Mwenye nauli ya basi, viatu vizuri na chupa ya maji anaweza kulala gesti ya pale kijijini, akaingia msituni asubuhi kabla ya jua kali, akageuza mawe mawili matatu pamoja na mwongozaji wake, na jioni akawa njiani kurudi kazini. Miezi ya Juni hadi Oktoba njia huwa kavu. Nyakati za mvua maporomoko hujaa zaidi na njia hutereza, kwa hiyo anayekwenda na watoto achague kiangazi.